Pikapu au amplifaya: uanzie wapi kuitafuta sauti ya gitaa lako

Mpigaji asiyeridhika na sauti yake huanza kwa kulilaumu gitaa. Anainama, anaziona pikapu pale chini ya nyuzi, na anaamua kwamba hizo ndizo zinazomwangusha. Mara nyingi anazionea. Msimamo wangu nautoa mapema: sehemu kubwa ya sauti unayoisikia huamuliwa na amplifaya na spika yake. Pikapu huamua amplifaya inapelekewa nini, na inasukumwa kwa nguvu kiasi gani. Kwa hiyo anayeanza upya achague amplifaya kwanza, halafu atafute pikapu ya kuilisha. Mwenye sababu ya kufungua gitaa ni yule ambaye tayari ana amplifaya anayoipenda.

Hata hivyo nitaanza na pikapu, kwa kuwa usipojua zinatoa nini huwezi kujua amplifaya ipi itazipokea vizuri.

Koili moja, P-90 na hambaka

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake, huvuruga uga wa sumaku na umeme mdogo huzaliwa ndani ya koili. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazifanyi kazi hapa. Ndiyo maana pia koili hiyo hiyo inanasa umeme wa nyumbani, ule unaotetemeka mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi, na kuutoa kwenye spika kama mvumo usiokoma.

Pikapu za koili moja, kama zile za gitaa la Fender Stratocaster lililotoka mwaka 1954, zina sauti angavu na ya wazi, na kila uzi husikika peke yake ndani ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Ukigusa uzi kwa upole unasikia upole, ukiuchapa unasikia mchapo. Kasoro yake ni ule mvumo, ambao haukusumbui sana ukipiga sauti safi lakini hugeuka kero ukiongeza gaini, yaani kiwango cha kukuza mawimbi hadi sauti ianze kukwaruza. Telecaster, gitaa jingine la Fender, nayo ni ya koili moja, ila pikapu yake ya darajani (kule nyuzi zinakofungwa kwenye mwili) ina bamba la chuma chini yake na imekaa ndani ya daraja la chuma, hivyo sauti yake ina makali zaidi na inapenya hata bendi ikiwa na kinanda na tarumbeta.

Hambaka ilizaliwa kumaliza ule mvumo. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, aliomba hataza yake mwaka 1955, na kuanzia 1957 pikapu hizo zikaanza kuwekwa kwenye magitaa. Ubunifu wenyewe ni mzuri hadi leo: koili mbili zimewekwa sambamba, moja imegeuziwa sumaku na mwelekeo wa waya. Mvumo wa umeme unaingia koili zote mbili na kujifuta wenyewe, lakini sauti ya uzi inajumlishwa. Matokeo yake ni sauti nene yenye nguvu, na ukimya kati ya noti. Gharama yake ni kwamba hambaka inasikiliza kipande kirefu zaidi cha uzi, na koili mbili zinapounganishwa zinashusha kilele cha sauti, kwa hiyo ule mng'ao wa juu kabisa unapungua.

P-90 iko katikati, na nadhani wapigaji wengi wanaipita bila kuisikiliza inavyostahili. Ilianza kutumika mwaka 1946. Ni ya koili moja, kwa hiyo inavuma, lakini koili yake ni pana, fupi, na ina takriban mizunguko 10,000. Ina uwazi wa koili moja na mwili unaokaribia wa hambaka, na sauti zake za kati zina ukwaruzo fulani unaofaa sana bluzi na roki ya zamani. Anayeiona Stratocaster nyembamba na Les Paul (gitaa la Gibson, kwa kawaida la hambaka) nzito, ajaribu P-90 kabla ya kitu kingine.

Zimebaki pikapu hai, kama EMG 81, zenye kikuza sauti kidogo ndani na betri ya volti 9. Zina kelele kidogo sana, nguvu nyingi, na hazijali urefu wa waya. Kwa muziki wa metali wenye gaini ya juu zinakata noti kwa usafi ambao ni vigumu kuupata kwingine. Kwa mtu anayeendesha sauti yake kwa mguso wa kidole na nobu ya volyumu, naziona zinabana. Tofauti kati ya upole na ukali hupungua. Ukizitumia, chomoa waya kwenye gitaa kila umalizapo, kwa sababu plagi ikikaa ndani betri inaendelea kuliwa.

Namba zinazodanganya

Karibu kila pikapu huuzwa ikiwa na namba ya ukinzani: kilo-omu 6 hivi kwa Stratocaster ya kawaida, 7.5 hadi 8.5 kwa hambaka ya mtindo wa zamani, 13 au 16 kwa zile zinazoitwa kali. Wengi husoma namba hiyo kama kipimo cha nguvu. Si kipimo cha nguvu. Waya mwembamba zaidi una ukinzani mkubwa hata mizunguko ikiwa ile ile, na sumaku nayo haionekani kabisa ndani ya namba hiyo. Itumie kulinganisha pikapu za aina moja, zenye waya na sumaku za aina moja, basi.

Sumaku yenyewe inahitaji maelezo machache. Alniko 2 (alniko ni aloi ya alumini, nikeli na kobalti) ni laini, besi yake imelegea kidogo na sauti za juu ni tamu. Alniko 5 ina nguvu zaidi na inang'aa zaidi. Sumaku za kauri hutumika sana kwenye hambaka kali, nazo hutoa sauti iliyokaza, yenye mwanzo wa haraka.

Kinachosahaulika ni waya wa gitaa na potenshiometa, vile vidhibiti vya volyumu na toni vilivyo chini ya nobu. Pikapu na waya hufanya kazi pamoja kama kichujio chenye kilele, yaani sehemu ya sauti za juu inayosikika kuliko nyingine. Kwa waya wa mita 5 ulio wa kawaida, pikapu ya Stratocaster hufikia kilele karibu na hezi (mitetemo kwa sekunde) 4,000, na hambaka karibu na 3,000. Sasa badilisha waya, weka wa mita 10: kilele cha Stratocaster kinashuka hadi karibu na hezi 3,000. Yaani waya mrefu pekee umelipeleka gitaa la koili moja hadi pale hambaka ilipokuwa. Potenshiometa nazo: kilo-omu 250 hulainisha sauti za juu na ndizo za kawaida kwa koili moja, 500 huziacha zipite na ndizo za kawaida kwa hambaka. Mtu mwenye hambaka inayosikika kama imefunikwa blanketi afungue gitaa aangalie kama halijawekewa za 250 kabla ya kununua pikapu nyingine.

Halafu kuna kimo, na hiki hakigharimu kitu zaidi ya bisibisi. Kandamiza uzi kwenye freti ya mwisho, pima nafasi kati ya uzi na pikapu, anzia milimita 2 hadi 2.5, kisha sikiliza. Ukiipandisha, nguvu inaongezeka na sauti inakuwa ya moja kwa moja. Ukiishusha, inapata hewa na noti zinaishi zaidi. Nguzo za alniko 5 za Stratocaster, vile vipande vya sumaku vilivyo chini ya kila uzi, zikikaribia mno zinauvuta uzi: noti za juu shingoni kwenye nyuzi nene zinaanza kuyumba, zinasikika kama zina tuni mbili kwa wakati mmoja, na hakuna kutuni kutakakozituliza. Shusha pikapu upande wa nyuzi nene na tatizo linaondoka.

Upande wa pili wa waya: amplifaya

Amplifaya za valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) zina koo kuu chache, yaani familia, ambazo nyingine nyingi zimetokana nazo, na kuzijua kunasaidia hata kama utanunua ya kidijitali, kwa kuwa ndizo zinazoigizwa humo ndani.

Ukoo wa Fender wa miaka ya 1960 una sauti safi, besi ya mviringo, sauti za juu zinazometa, na sauti za kati zilizopungua kidogo. Twin Reverb ya wati 85 inabaki safi hadi kwenye volyumu ambayo wengi hawataifikia kamwe; Deluxe Reverb ya wati 22 inaanza kupasuka (sauti kukwaruza) mapema, na kwa bendi ndogo hapo ndipo utamu wake ulipo. Koili moja ikiingia humu inang'aa kama ilivyo. Hambaka ya shingoni ikiingia humu inatoa sauti nene ya jazi, kwa kuwa amplifaya inapunguza zile sauti za kati ambazo hambaka inazo tele. Mmoja anajaza pengo la mwenzake.

Ukoo wa Vox AC30 unatumia valvu za EL84 na una mlio wa kengele kwenye sauti za kati za juu. Hauna mpaka mkali kati ya safi na iliyopasuka. Unapasuka taratibu kadiri unavyochapa. Pikapu zisizo kali sana ndizo zinazoufaa. Pikapu kali sana ya darajani inaweza kuufanya uchome masikio.

Ukoo wa Marshall ulianza London mwanzoni mwa miaka ya 1960 na JTM45, ambayo ilifuata kwa karibu mchoro wa Fender Bassman, lakini vipuri, spika na baadaye valvu za EL34 viliipeleka kwingine. Sauti za kati ziko mbele, na hapo ndipo gitaa hukaa ndani ya bendi. JCM800 ya miaka ya 1980 iliongeza gaini bila kupoteza sura hiyo. Hambaka ya mtindo wa zamani, yenye kilo-omu 8 hivi, ndani ya Marshall ni mchanganyiko ambao sijausikia ukikosea kwa roki.

Ukoo wa gaini ya juu, kama Mesa/Boogie na wenzake, una hatua nyingi za kukuza sauti kabla ya valvu za nguvu. Hapa nasema jambo linalowashangaza wengi: kadiri amplifaya ilivyo na gaini nyingi, ndivyo pikapu isivyohitaji kuwa kali. Pikapu kali mbele ya gaini kali hubana noti zote kimo kimoja, na kodi yenye noti zaidi ya mbili inageuka tope. Unachohitaji ni pikapu iliyokaza besi yake, iwe hai au ya kauri, si lazima yenye namba kubwa.

Amplifaya za transista, zisizo na valvu, zina sifa mbaya zisizostahili. Roland JC-120, inayotengenezwa tangu 1975, ina njia mbili za wati 60 kila moja na spika mbili, na usafi wake hauigiziki kirahisi. Gitaa la solo lenye noti za haraka za juu, kama zile za sebene, linahitaji amplifaya isiyopasuka hata mpigaji akikolea, na hapo transista nzuri inaishinda valvu ndogo bila ubishi. Haihitaji kubadilishiwa valvu, na inabebeka kwenye safari bila hofu ya kioo kuvunjika. Udhaifu wake ni kwamba ukiisukuma kupita uwezo haipasuki kwa utamu, kwa hiyo ovadraivu yako (ule mkwaruzo) itatoka kwenye pedali, kifaa kinachobonyezwa kwa mguu.

Za kidijitali zimebadilika mno tangu Line 6 ilipotoa POD mwaka 1998. Kifaa kama Kemper, kilichotoka 2011, kinaweza kunasa tabia ya amplifaya halisi na kuirudia. Kwa anayepiga nyumbani na kurekodi kwa vifaa vya masikioni, sioni sababu ya kununua valvu. Kwa anayesimama jukwaani mbele ya ngoma, tofauti inabaki kwenye hisia ya mwili: spika ya inchi 12 nyuma ya mgongo wako inasukuma hewa, na nyuzi zenyewe zinaitikia, noti inaendelea kulia. Kifaa cha kidijitali kilichounganishwa na spika halisi hupunguza pengo hilo sana.

Wati na spika

Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), mabadiliko unayoyasikia lakini si makubwa. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji takriban wati mara kumi. Kwa hiyo amplifaya ya wati 50 na ya 100 zinakaribiana kwa ukubwa wa sauti kuliko namba zinavyodai, na ya valvu ya wati 5 inatosha kabisa kuwaamsha majirani. Ukitaka valvu zifanye kazi kwenye chumba, nunua wati chache. Ukitaka sauti safi pamoja na ngoma, usishuke chini ya 20 hivi kwa valvu, na kwa transista tafuta zaidi ya hapo.

Spika ndiyo sehemu ninayoona inapuuzwa kuliko zote. Celestion Greenback ya wati 25 ina unyeti wa desibeli 98, Vintage 30 ina 100. Spika iliyopungukiwa desibeli 3 ni sawa na kuinyang'anya amplifaya nusu ya wati zake. Na toni hubadilika zaidi ya ukubwa: Greenback ni laini juu na ina ukwaruzo mzuri ikipasuka, Vintage 30 inasukuma sauti za kati za juu mbele. Kasha lililo wazi nyuma husambaza sauti chumbani. Lililofungwa hubana besi na kuielekeza mbele. Spika ya gitaa hukata sauti nyingi kuanzia hezi 5,000 hivi kwenda juu, na ndiyo maana distoshini iliyochomekwa moja kwa moja kwenye spika za kawaida za muziki, bila kuigiza kasha, inasikika kama nyuki.

Tahadhari moja isiyo na mjadala: amplifaya ya valvu usiiwashe ukapiga bila spika kuunganishwa, na omu za spika zilingane na zilizoandikwa kwenye tundu. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Kwa transista, sheria ni kutoshuka chini ya omu za mwisho zilizoandikwa.

Zikiwekwa pamoja

Kwa rumba, fanki na nyimbo za kwaya, ambako kodi zinatakiwa zimeremete bila kumfunika mwimbaji, chukua koili moja na amplifaya safi ya aina ya Twin au JC-120. Kwa jazi, hambaka ya shingoni, nobu ya toni ikishushwa hadi karibu nusu, kwenye amplifaya hiyo hiyo. Kwa bluzi, P-90 au Stratocaster kwenye valvu ya wati 15 hadi 22 iliyo ukingoni mwa kupasuka. Kwa roki, hambaka isiyo kali na ukoo wa Marshall. Kwa metali, hambaka hai au ya kauri, gaini ya juu, kasha lililofungwa.

Mpigaji wa bendi inayopiga kila kitu usiku mmoja ana jibu lake pia: gitaa lenye hambaka moja darajani na pikapu mbili za koili moja kwenye nafasi zilizobaki, kwenye amplifaya safi yenye pedali mbele. Hambaka yenye nyaya nne inaweza kugawanywa ibaki koili moja kwa swichi, na watu hudhani hiyo inatosha. Inasaidia, lakini nguvu inaporomoka na sauti haifikii koili moja halisi. Kwa nyimbo mbili tatu inafaa. Kama nusu ya kazi yako ni sauti ya Stratocaster, pata gitaa lenye koili moja.

Jaribio ninalolipenda linafanyika ukiwa na gitaa mkononi na amplifaya ya valvu mbele yako. Weka gaini pale ambapo ukigusa nyuzi kwa upole kodi inabaki safi, na ukichapa inakwaruza. Shusha nobu ya volyumu ya gitaa kutoka 10 hadi 7. Pikapu na amplifaya zinazopatana zitakupa sauti safi hapo hapo, bila kugusa pedali. Kama sauti imekuwa safi lakini imefifia na kuwa kiza, waya mrefu ndio unaokula sauti za juu. Kapasita ndogo kwenye potenshiometa ya volyumu huzirudisha. Kama bado inakwaruza kwenye 5, pikapu ni kali mno kwa amplifaya hiyo, na kabla ya kuing'oa ishushe kwa bisibisi kwanza. Lifanye jaribio kwa volyumu utakayotumia kazini, kwa sababu sikio husikia besi na sauti za juu zaidi kadiri sauti inavyokuwa kubwa, na toni iliyokuwa tamu chumbani inaweza kutoboa jukwaani.

Ikiwa baada ya kimo, waya, potenshiometa na spika bado unaweza kutaja kwa maneno kile kinachokosekana, hapo badilisha pikapu, na anza na ya darajani, maana pale mtetemo wa uzi ni mdogo kuliko kwingine na kosa husikika upesi. Ukimaliza kuchomelea, weka swichi katikati ili pikapu mbili zilie pamoja. Sauti ikitoka nyembamba, yenye uwazi tumboni na besi iliyotoweka, pikapu hizo zinapingana. Badilisha nafasi za nyaya mbili za pikapu moja, ya moto iende ardhini na ya ardhini iende kwenye swichi. Kama moja ya nyaya hizo ndiyo iliyounganishwa na kifuniko cha chuma au ganda la waya, usiibadilishe, kwa sababu chuma chote kitaanza kuvuma ukikigusa. Tenganisha kwanza muungano wa kifuniko, au geuza nyaya za pikapu ile nyingine badala yake.